Mafunjo ya Dunga Yaweza Kupamba Ua Wako

Kilomita chache tu kusini mwa mji wa Kisumu, ukishaipita hifadhi ya wanyama iliyo kando ya ziwa, barabara hukufikisha Dunga. Hapa wavuvi huegesha mashua zao, na harufu ya samaki wa kukaanga humlaki mgeni. Lakini kinachomfanya asimame kutazama ni ukuta wa kijani uliotanda ufuoni, unaoyumbayumba kila upepo uvumapo. Huo ni msitu wa mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo.

Mafunjo si nyasi, ingawa wengi huyadhania hivyo. Shika bua moja ulizungushe vidoleni: utahisi pembe tatu, wala halina vifundo kama muwa. Ni jamaa moja na ndago, lile gugu linalowaudhi wakulima wetu. Mafunjo huweza kufikia urefu wa mita 4 au 5, na kileleni huwa na shungi la nyuzi nyembamba kama nywele. Wamisri wa kale walichana moyo wa bua hilo wakatengeneza karatasi.

Kwa watu wa Dunga, mafunjo ni riziki. Mabua hukatwa, hukaushwa juani, kisha husukwa mikeka na vikapu. Samaki wadogo hujificha kati ya mizizi, na matope na uchafu utokao nchi kavu hunaswa humo kabla ya kuingia ziwani. Yupo hata ndege mweusi, mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye maskani yake ni mafunjo. Yakikatwa kwa kiasi huchipuka tena. Yakichomwa na kung'olewa ili watu walime au wajenge, hayo yote huondoka pamoja nayo. Na mwaka wa 2020, maji ya Ziwa Victoria yalipopanda na kuingia nyumba za ufuoni, ziwa lilionyesha kwamba kinamasi ni chake.

Je, aishiye Nairobi au Nakuru aweza kuupata uzuri huu nyumbani? Aweza, tena kwa gharama ndogo. Ila usiende kuyang'oa kinamasini. Nunua mche kwa wauza maua wa kando ya barabara, au mwombe jirani aliye nayo akugawie kipande cha mzizi chenye mabua mawili au matatu.

Tafuta karai au beseni kubwa lisilovuja. Tia udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na samadi kidogo iliyooza, panda mche wako, kisha funika udongo kwa kokoto usije ukaelea. Jaza maji yapite udongo kwa sentimita 5 hivi, na uliweke beseni penye jua. Maji yasikauke kamwe. Mabua yakigeuka rangi ya kahawia, yakate chini kabisa ili machipukizi yapate nafasi. Baada ya miaka miwili au mitatu, gawa mzizi upande upya. Na ili usifuge mbu, tia samaki wadogo wawili watatu wale viluwiluwi vyao.

Wenye roshani tu wasikate tamaa. Lipo funjo fupi ambalo majani yake hutandaa kama mwavuli. Wanafunzi wanaweza kulifanyia jaribio: kata kichwa chake pamoja na kipande kifupi cha bua, punguza majani, kisha kielekeze chini ndani ya gilasi ya maji. Baada ya wiki chache mizizi itatokeza.

Ukipata nafasi, wapeleke watoto Dunga asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kodi mashua mpite kando ya mafunjo, mwasikilize ndege, na mkirudi nchi kavu nunua kikapu. Msukaji akipata soko, naye atakuwa na sababu ya kukilinda kinamasi.