Wale Samaki Wanaliwa?

Kila mgeni anayeingia sebuleni kwangu hapa Tandika ana swali moja: "Wale samaki wanaliwa?" Siwalaumu. Temeke samaki ni wa kukaanga, wa nazi, au wa kusogezea ugali wa usiku. Samaki wa kuangalia tu, anayelishwa mara mbili kwa siku na kutumiwa luku, ni jambo geni kidogo. Sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo naandika mara moja, msome wote.

Hawaliwi, jamani. Wako wawili tu, na mkubwa wao ana urefu wa kidole changu cha kati. Rangi yao ni kahawia iliyokolea, kila mmoja ana mikanda miwili myeupe, mapezi ya rangi ya chungwa na mkia mweupe. Watoto wa mtaani wanawaita Nemo kwa sababu ya ile filamu ya mwaka 2003. Hapo huwa nawarekebisha. Nemo ana mikanda mitatu, na jamaa zake wanaishi mashariki ya mbali, kule Indonesia na Australia. Hawa wangu ni wa huku huku. Wanapatikana pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya na kushuka kusini hadi Durban. Jina lao la kitaalamu ni Amphiprion allardi, na walioandikwa vitabuni ni tangu mwaka 1970 tu, na Mjerumani Wolfgang Klausewitz. Wavuvi wetu walishapishana nao miaka na miaka.

Mwenye tangi ni kaka yangu, fundi friji. Alikata vioo mwenyewe, akavigundisha kwa silikoni, likatoka tangi la lita 250. Samaki aliwanunua Mombasa, kwa mtu mwenye leseni, maana wenzetu Wakenya wana biashara ya kusafirisha samaki hai wa mapambo kwa miongo kadhaa sasa. Kwa hiyo samaki wa bahari hii hii yetu walikuja Dar kwa basi, wakiwa na vibali vyao, ndani ya mfuko uliojazwa oksijeni. Mwaka jana kaka akapata kazi Mwanza. Tangi likabaki na mimi.

Hapo ndipo nilipoanza shule. Mnadhani ni kumwaga maji na chumvi ya dukani? Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita, na si chumvi ya mezani peke yake. Ndani yake kuna kalsiamu, magnesiamu na madini mengine ambayo matumbawe yanahitaji ili yakue. Kila wiki mbili mvuvi mmoja wa Kigamboni ananiletea madumu mawili aliyoyajaza nje kabisa, mbali na maji ya bandari. Maji ya tangi yakipungua kwa joto, huongezi maji ya bahari. Unaongeza maji yasiyo na chumvi, kwa sababu yanayopaa ni maji na chumvi inabaki. Ukizidi kuongeza ya bahari, utawachachusha kama embe la achari.

Halafu kuna uchafu. Samaki akijisaidia, maji yanapata amonia, na amonia ni sumu. Wanaoiondoa ni bakteria wanaoishi kwenye mawe na mchanga: kundi la kwanza linaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili linaigeuza kuwa nitrati, ambayo ina nafuu kubwa. Kuwalea bakteria hao kunachukua wiki kadhaa. Kaka alikaa wiki sita na tangi lisilo na samaki hata mmoja, pampu inazunguka usiku na mchana. Majirani walimwona amerukwa na akili. Mtu mzima analinda maji!

Na joto je? Huko Ulaya wanaofuga samaki hawa wananunua hita. Sisi tunahangaika kupoza. Februari naweka feni inayopuliza juu ya maji, nihakikishe hayapiti nyuzi 28. Ndani kuna vipande vitatu vya matumbawe laini, na matumbawe hayana mzaha. Yanaishi na vimwani vidogo sana ndani ya miili yao, vinavyowapa chakula na rangi. Baharini, joto likizidi kwa nyuzi moja tu juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto, likakaa hivyo wiki kadhaa, vimwani vile vinatimuliwa na tumbawe linabaki jeupe kama mfupa. Lilitokea mwaka 1998, likaua matumbawe mengi sana katika Bahari ya Hindi upande wetu. Lilijirudia 2016, na tena 2024.

Usiku mmoja wa Machi umeme ulikatika saa nne. Pampu kimya, feni kimya. Pampu isipozungusha maji, oksijeni inapungua, na samaki wanaanza kupumua haraka haraka karibu na uso wa maji. Nikachukua jagi: unachota, unainua juu, unamwaga ili maji yabebe hewa. Ukichoka unabadilisha mkono. Watoto wawili wa jirani walisikia mchapo-mchapo wakaja kuchungulia, wakaomba zamu. Tulikwenda hivyo mpaka saa saba na nusu umeme uliporudi. Mdogo akaniuliza, "Anko, kwani baharini nani anachota?"

Nilicheka, lakini swali halikuniachia. Baharini hakuna anayechota. Mawimbi ndiyo pampu, kupwa na kujaa ndiyo mabadiliko ya maji, na mwamba wa matumbawe ndio chujio. Kazi inayonila mimi luku, madumu na usingizi, bahari inaifanya bure kilomita chache kutoka hapa, kwa mamilioni ya samaki. Na sisi tumeilipa nini? Mwaka 2015 watafiti walipita na mashua pwani ya Tanzania wakiwa na vinasa sauti majini, wakanasa milipuko 318 ya baruti za wavuvi haramu. Zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka jiji hili. Baadaye msako wa serikali ulipunguza sana milipuko hiyo, lakini mwamba uliovunjwa kwa sekunde moja unahitaji miaka mingi kurudi.

Sasa kaka amepiga simu: harudi Dar, nifanye nitakavyo. Jamaa mmoja wa hoteli ananipa laki sita kwa samaki na tangi lote. Bei nzuri, na kodi ya nyumba inakaribia. Jirani yangu muuza vitumbua yeye anasema, "Warudishe kwao baharini, mwanangu, upate thawabu." Wazo zuri, ila samaki wa tangini anaweza kupeleka ugonjwa, na hawa wamezoea kuishi bila anemoni, yule mnyama laini kama ua ambaye huko baharini ndiye ngome yao. Ukiwatupa pale Kigamboni, huenda wakaliwa kabla hujavaa viatu.

Siwauzi. Sababu ni watoto. Wale watoto wanajua kwamba mkubwa ni jike, kwamba wote huzaliwa madume, na jike akifa dume lake linageuka kuwa jike. (Mzee mmoja alipoambiwa haya na mjukuu wake alikuja kunihoji, nikamwonyesha kitabu.) Wameona dume likipepea mayai kwa mapezi siku nzima. Wamekula samaki tangu waote meno, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona tumbawe hai mahali pengine zaidi ya sebuleni kwangu. Watoto wa jiji la bahari!

Lakini sitaongeza samaki mwingine. Hawa wawili wanatosha kuanza somo, na somo lenyewe liko Mbudya, kisiwa ambacho pamoja na Bongoyo kimekuwa hifadhi ya bahari tangu 1975. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakwenda huko na watoto sita, tunapanda boti Kunduchi. Wazazi wao wanachanga nauli, mimi nalipa kiingilio. Miwani ya kupigia mbizi ninayo miwili tu. Mdau mwenye ya kuazimisha, saizi ya mtoto, tafadhali tuwasiliane.

Wasalaam.