Rangi ya Fundi Baiskeli

Mtoto wa kaka yangu yuko mwaka wa pili chuo cha ualimu. Majuzi alinipigia simu jioni: "Shikamoo shangazi. Naomba elfu kumi, keshokutwa naanza BTP, nataka nikaprinti matunda." Nikamuuliza ni matunda gani hayo ya kuprinti. Akacheka. Ni zana za darasa la pili, akasema; steshenari ya karibu na chuo wanayo yote kwenye kompyuta, unalipa kwa karatasi. Nikamuuliza kwa nini asichore. Kimya. Halafu: "Kwani nyie, shangazi, picha mlikuwa mnazitoa wapi?"

Usiku ule usingizi ulinipaa.

BTP yangu, yaani mazoezi ya kufundisha, niliifanyia Urambo, Tabora. Miaka yote nimekuwa nikisema ilikuwa 1983, mpaka nilipofungua bahasha ya vyeti. Ni 1984, na ningepaswa kukumbuka bila cheti, maana katikati ya mazoezi yale ndipo ulipoingia msiba wa Aprili wa Waziri Mkuu, bendera ya shule ikapepea nusu mlingoti na redio ya mwalimu mkuu ikaimba maombolezo mchana kutwa. Haya, mwaka umekaa sawa. Mimi lakini nakumbuka zaidi harufu.

Urambo ya Aprili ni tumbaku. Mabani yanawaka usiku na mchana, na majani yanayokauka ndani yake yananukia utamu mzito, kama asali iliyoungua. Harufu inaingia kwenye shuka, kwenye madaftari, kwenye nywele. Watoto walikuja shuleni na utomvu mweusi wa tumbaku umeganda vidoleni, kila walichoshika kikabaki na alama. Niliwagombeza wiki nzima, hadi nilipomwona mmoja akigonga kidole kwenye daftari kwa mpangilio: mstari, doa, mstari, doa.

Madukani hakukuwa na kitu. Sina haja ya kueleza. Aliyekuwapo alikuwa kwenye foleni. Chuo kilitupa boksi moja la chaki na karatasi mbili za manila, na mkufunzi wetu akatuambia zana nyingine ziko porini. Tulidhani anatutania.

Aliyenionyesha kwamba hatanii ni fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa chini ya mwembe, njia ya stesheni, nami nilikwenda kuziba pancha ya baiskeli ya kuazima. Mzee wa Kinyamwezi, koti la kaki hata jua likiwa la utosi, maneno machache. Miguuni pake makopo matatu: nyekundu, nyeusi, kijani. Ilikuwa rangi ya mafuta ya kupakia fremu, ileile aliyoitumia mchoraji Tingatinga kule Dar es Salaam, ingawa fundi jina hilo hakuwahi kulisikia. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wenye baiskeli kwenye madigadi, na aliyeongeza senti alimchorea ndege. Brashi yake ni kijiti cha mswaki, ncha moja imetafunwa mpaka nyuzi zimechanua.

"Mwalimu," aliniita hivyo wakati mwenyewe bado sijathubutu kujiita, "brashi ya dukani inakunywa rangi. Hii inalamba tu."

Nikamwambia sina karatasi. Hakujibu. Akavuta mfuko wa salfeti kutoka kwenye rundo (nchi ya tumbaku haikosi mifuko ya mbolea), akaupasua kwa wembe, akaupigilia kwenye gome la mwembe. Akapiga msumari mmoja katikati, akafunga uzi, mwisho wa uzi akafunga kipande cha mkaa, akazungusha mkono mara moja. Duara. Nilikuwa na kidato cha nne changu na sikuwahi kuona duara likifunga vile. Pesa alikataa. Aliomba vipande vya chaki vilivyonibakia, awe anaweka alama kwenye rimu zilizopinda.

Jumatatu nikatoka nje na darasa la pili, watoto 48. Ndani walikuwa wamenichorea wote ng'ombe mmoja, yule wa kitabuni, anayetazama kushoto. Nje palikuwa na ng'ombe wa jirani kwenye kamba. Nikawaambia wamzunguke, kisha kila mtu achore mchangani kwa kijiti, kutoka pale aliposimama. Kiwanja kikajaa ng'ombe. Mmoja alikuwa mkia na matako tu, na mchoraji wake hakuelewa ninachocheka. Si ndiko alikokuwa amesimama?

Rangi tulipika wenyewe. Manjano ya sokoni iliyolowekwa, ukiidondoshea maji ya majivu yaliyochujwa, inageuka wekundu wa kutu hapohapo. Watoto walipiga yowe mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja na fimbo. Kijani kilikuwa majani ya maharage yaliyopondwa. Nyeusi tuliitoa kwenye matumbo ya betri za redio zilizokufa, unga uleule tuliochanganya na matembele kusiliba ubao. (Leo ningekatazwa, na ni haki.) Gundi ilikuwa uji wa muhogo. Panya waliula usiku, wakala na shingo ya twiga wangu.

Msimamizi alifika siku ya ng'ombe. Akaomba andalio la somo, nikampa, lina mchanga. Aliandika kwamba darasa halina utulivu. Nikapata C. Miaka arobaini imepita na C ile bado inaniuma.

Yaliyofuata nayapita mbio. Kuchora kukawa Stadi za Kazi, kukawa Haiba na Michezo, kila mara kwa semina na bahasha. Ada ilipofutwa darasa langu likavuka watoto mia, na watoto mia huwezi kuwazungusha ng'ombe mmoja asikate kamba. Kipindi cha kuchora kikawa cha kurudia Hisabati. Niliporudi Urambo, kibanda kilikuwa kimeondoka na mwembe wake. Kisha zikaja picha zinazong'aa, na sasa kila ukuta una tufaha. Embe zinaoza chini ya miti Tabora nzima, mtoto anahesabishwa tufaha asilowahi kulilamba. Nilistaafu 2024.

Elfu kumi nilimtumia. Ni mtoto wetu. Nikamweleza na habari ya manjano na majivu, akasema, "Sawa shangazi," kwa ile sauti. Kesho yake akanitumia picha ya zana zake zimebandikwa ukutani: tufaha, zabibu, na nanasi la rangi ya waridi lenye majani ya buluu. Nikampigia. Mwenye mashine, akasema, alikuwa ameishiwa wino wa njano.