Barua Niliyotembea Nayo

Kwa majuma matatu nilitembea na barua katika mfuko wa ndani wa koti langu. Ilikuwa imeandikwa kwa Mkuu wa Jimbo, nikiomba kupumzishwa kazi ya usharika kwa sababu za afya. Haikuwa kweli. Afya yangu ilikuwa njema. Nilikuwa nimechoka na watu.

Nilikuwa katika mwaka wa saba wa kutumika usharika mmoja wa kijijini. Tulikuwa tumeanza kuezeka kanisa, fedha za mabati zikapelea, na maneno yakaanza. Mtunza hazina alisoma hesabu mbele ya washarika wote, risiti zikiwa mezani, lakini risiti haizuii maneno ya njiani. Familia kadhaa zikaacha kuja. Wengine kati yao niliwafundisha kipaimara mimi mwenyewe, nikawafungisha ndoa, nikawabatizia watoto. Nikawa napanda mimbarani huku nikihesabu nafasi tupu kwenye mabenchi. Nilihubiri kwa hasira, wapendwa, na mchungaji akihubiri kwa hasira, wanaochapwa ni wale waliokuja.

Nilidhani mke wangu hajui habari za ile barua. Nilisahau kwamba yeye ndiye anayefua koti. Aliniuliza mara moja tu, "Baba, utaipeleka lini?" kisha akaendelea kuchambua mchele.

Juma hilohilo nilikwenda kumpelekea Chakula cha Bwana mwinjilisti mstaafu, mzee ambaye miguu yake haimfikishi tena kanisani. Baada ya ibada akamwomba mkewe alete madaftari yake, ili anionyeshe jinsi mtaa wetu ulivyoanza. Yalikuwa madaftari ya shule, majalada yameliwa na mende. Kila Jumapili ina mstari wake: tarehe, idadi ya watu, sadaka, na neno moja au mawili kama "msiba" au "mavuno". Watu 11. Watu 9. Watu 14. Watu 6. Kisha nikakuta mstari mmoja: mtu 1, sadaka mayai 2, mvua.

"Huyu mmoja alikuwa nani, Mwinjilisti?"

"Mama yako huyo," akasema, akielekeza kidole jikoni. "Mto ulijaa, watu hawakuweza kuvuka."

"Na ibada ukafanya?"

"Kengele nilikuwa nimekwisha kuipiga, Mchungaji."

Nikamwuliza alihubiri nini siku hiyo. Akasema alihubiri somo lililopangwa kwenye kalenda. Angeachiwa achague mwenyewe, labda angekaa chini akalia. Hapo sauti ya bibi ikatoka jikoni: "Na mahubiri yalikuwa marefu vilevile!" Tukacheka mpaka mzee akakohoa. Nilikuwa sijacheka hivyo kwa miezi mingi.

Sikumwambia lolote kuhusu barua. Lakini njiani, nikisukuma pikipiki kwenye tope, nilikumbuka jambo tulilofundishwa Makumira katika historia ya kanisa. Mwanzoni mwa mwaka 1530 Martin Luther aligoma kuhubiri. Waumini wa Wittenberg walikuwa wameisikia Injili kwa miaka mingi, na yeye haoni badiliko, basi akawatangazia kwamba hatawahubiria tena. Na kwa miezi kadhaa karibu hakupanda mimbarani kwao. Darasani tulicheka. Kwenye tope sikucheka. Tarehe 25 Juni mwaka huohuo, Ungamo la Augsburg likasomwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano. Luther hakuwapo, alikuwa katika ngome ya Coburg, kwa kuwa dola ilikuwa imempiga marufuku. Kifungu cha tano cha ungamo hilo kinafundisha kwamba Roho Mtakatifu ndiye anayezalisha imani kwa njia ya Neno na Sakramenti, na kwamba mahali na wakati wake ni juu ya Mungu. Basi kanisa lilikiri hayo katika mwaka uleule ambao mhubiri wake mkuu alikuwa amesusa. Mimi nilikuwa nimekifanyia mtihani kifungu hicho, nikafaulu, lakini mwaka wa saba ndipo niliona kwamba nimekuwa nikihesabu mabenchi kana kwamba imani ya watu ni mazao ya shamba langu.

Jioni ile nilisoma 1 Wafalme 19, sura ambayo wengi wetu tumeihubiri. Eliya yuko chini ya mretemu, anaomba afe. Nilikuwa nimezoea kukimbilia Horebu, kwenye upepo na ile sauti ndogo. Safari hii nikakwama kwenye mkate. Malaika hamkemei Eliya wala hamfundishi kitu. Anampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, anamwacha alale, kisha anamwamsha ale tena. Maswali yanakuja baadaye, huko mlimani. Wachungaji wenzangu mtanisamehe, lakini sisi mara nyingi humfikia aliyechoka tukiwa na maswali mkononi na bila mkate.

Nikaandika barua nyingine, fupi, ya kweli: nimevunjika moyo, na sijachukua likizo kwa miaka miwili, naomba likizo. Nilipewa. Siku za kwanza nililala tu. Mke wangu akapika, wala hakuniuliza lolote.

Niliporudi mabati yalikuwa bado hayajatimia. Yalitimia mwaka uliofuata. Baadhi ya waliotuacha wamerudi, wengine hawajarudi mpaka leo. Kuna baba mmoja kati yao ninayemtembelea kila nipitapo upande wake. Hunikaribisha chai, tunazungumza habari za kahawa na ada za watoto, na ninapoinuka nauliza kama naweza kuomba. Kwa muda mrefu alikuwa akisema, "Siku nyingine, Mchungaji." Mara ya mwisho alivua kofia.