Nusu Ekari ya Mama

Niliporudi Chwele bila digrii, mama hakuniuliza kitu. Alinipa jembe. Karo ilikuwa imeisha kabla ya masomo, basi.

Shamba letu ni nusu ekari, na tangu nijue kutembea, kila Machi ni mahindi. Maharagwe huchomekwa katikati, lakini mwenye shamba ni mahindi. Mwaka huo yalisimama mafupi, ya manjano, na chini yake maua ya zambarau, mazuri hata ungepiga picha. Striga. Gugu hili hushika mizizi ya mahindi na kunyonya chini kwa chini kabla hata hujaliona. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja mahindi mengine. Na sisi tulikuwa tunaziletea kila msimu, tena na mbolea juu.

Nikamwambia mama tubadilishe, tupande njugu. Mizizi ya njugu huamsha baadhi ya mbegu za striga. Zinachipuka, zinakosa wa kunyonya, zinakufa. Tena njugu huongezea udongo naitrojeni.

"Njugu ni ya kutafuna," akasema. "Ugali utatoka wapi?"

Hapo nikakwama. Kwetu, mama mwenye shamba akinunua mahindi sokoni, majirani humhesabia gorogoro. Na mimi ni nani? Mtu aliyeacha chuo, anayesoma kilimo kwa simu usiku.

Tukakubaliana robo ekari. Tukavuta kamba katikati.

Kung'oa njugu kulinivunja mgongo, na kuzibambua ni wiki nzima ya vidole kuuma. Hilo kwa simu hawakuandika. Mama aliziuza Chwele sokoni, akanunua mahindi, akayafunika kwa sukuma wiki kwenye kikapu mpaka nyumbani.

Machi iliyofuata tukarudisha mahindi upande wa njugu. Striga ilitoka, ila ya kuhesabika, nikaing'oa kabla haijachanua. Ng'ambo ya kamba, ambako mahindi yalifuata mahindi, ilikuwa zambarau tupu. Mama alitembea pale kwenye kamba mara mbili, kimya.

Jioni akaniuliza kama kuna njugu za mbegu zilizobaki.

Tulikuwa tumezitafuna zote.