Mbuzi Sita Hadi Malambo

Tulitoka Arash saa kumi na moja alfajiri: mimi, mzee mwenyeji wangu, mjukuu wake wa miaka kama kumi na miwili, na mbuzi sita. Mbuzi walikuwa wa binti yake, aliyejifungua wiki iliyotangulia upande wa Malambo. Nilikuwa nimefika siku mbili kabla kwa gari kutoka Karatu, na maishani nilikuwa sijawahi kusafiri kwa miguu kutwa nzima. Nilipouliza ni kilomita ngapi, mzee alinijibu kwa maji. Yako mahali pamoja tu njiani, alisema, na jua likifika utosini tutakuwa tumeyafikia.

Julai huku Loliondo baridi inang'ata. Tulikunywa chai ya maziwa tumesimama, yeye amejifunga rubega mbili na katambuga miguuni, mimi na viatu vyangu vipya vya ngozi. Mwendo ulikuwa wa mbuzi. Wakisimama kuvuta majani, tunasimama, wakikaza, tunakaza. Kijana alikuwa nyuma akipiga miluzi, na baada ya saa moja nikaanza kutambua kwamba mluzi wa kumrudisha anayepotea hauko sawa na wa kuwahimiza wote.

Jua lilipochomoza tukatokeza ukingoni mwa kilima, na mbali, upande wa mashariki, Ol Doinyo Lengai ukawa umesimama peke yake. Mzee akachuma majani, akayashika mkononi, akanyamaza kwa muda. Mlima wa Mungu, ndiyo maana ya jina lake, unakaribia mita 3,000, na uji wake wa moto una magadi mengi: hutoka mweusi, kisha ukipata unyevu hugeuka mweupe, ndiyo maana kilele chake huonekana kama kimemwagiwa chokaa. Mzee alikuwa bado layoni, kijana ambaye hajatahiriwa, mlima ulipotapika majivu mwaka 1966. Ulipotapika tena 2007 alikuwa na wajukuu.

Majivu ya mlima huo, na ya volkano nyingine za nyanda hizi zilizokwisha kuzimika, ndiyo yaliyotandika mbuga za kusini mwa Loliondo. Chini yake pamegandamana tabaka gumu ambalo mizizi ya miti hailipenyi kwa urahisi, lakini nyasi fupi zinazoota juu zina madini mengi, na nyumbu huzifuata kuzalia. Mfugaji angependa ng'ombe wake wale hapo hapo. Hawezi. Ndama wa nyumbu hubeba virusi ambavyo wao haviwadhuru, ila ng'ombe akivipata macho huingia ukungu, pua hutiririka, anakufa, wala dawa ya kumponya haipo. Wamaasai huuita ugonjwa huo ingati. Kwa hiyo nyumbu wakizaa, ng'ombe hupandishwa milimani. Ndama wakikua na kundi likiondoka, wafugaji huteremka. “Nyumbu ana zamu yake,” mzee aliniambia, “na sisi tuna yetu.”

Hapo ndipo nilipoelewa tulikuwa tunatembea juu ya nini. Vile vijia vyembamba vilivyopishana ardhini, ambavyo asubuhi niliviona kama mikwaruzo tu, kila kimoja kina msimu wake.

Mzee akanyoosha fimbo magharibi. Huko, Juni 2022, viliwekwa vigingi, na kilomita za mraba zipatazo 1,500 zikatengwa. Leo panaitwa Pori la Akiba la Pololeti. Serikali inasema ni kwa ajili ya kulinda wanyama na vyanzo vya maji. Wafugaji wanasema ni malisho yao ya kiangazi. Nimesikia maneno mengi juu ya jambo hili nikiwa nimekaa kitini. Nikiwa nimesimama pale, nilichoona ni kwamba zamu aliyonieleza mzee inahitaji nafasi ya kwenda na ya kurudi, na ukiifunga moja, ile nyingine haibaki kama ilivyokuwa. Mzee hakusema zaidi. Akashusha fimbo, tukaendelea.

Maji tuliyakuta kwenye korongo kavu, ndani ya kisima cha mchanga kilichozungushiwa miiba. Kijana akaondoa miiba, akaingia hadi kiunoni, akachota kwa sufuria taratibu ili mchanga usitibuke. Tulikunywa sisi, wakafuata mbuzi wawili wawili, halafu akairudisha miiba kama alivyoikuta. Mzee akafungua kibuyu cha maziwa mgando kilichofukizwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni mwitu. Ladha ya moshi ule ilinikaa kinywani hadi jioni. Malengelenge yalikuwa yamenitoka visiginoni, mzee akayatazama, akanilegezea kamba za viatu mwenyewe, akasema, “Pole, mwanangu. Jua likipoa tutaondoka.”

Tambarare ya alasiri ilikuwa ndefu, ya vumbi na migunga. Sikusema neno, nao hawakunisemesha.

Tulifika bomani giza likiingia. Binti alitoka na mtoto mgongoni, akainamisha kichwa, baba yake akamgusa utosini. Kisha akawageukia mbuzi. Hakuhesabu. Aliwapitia kwa rangi, mmoja mmoja, akamsimamia mwekundu mwenye doa jeupe shingoni, akamshika sikio.

“Huyu,” alimwambia baba yake, “ni wa yule niliyekuwa namkamua kabla sijaolewa.”

“Ni mjukuu wake,” mzee akajibu.