Moshi wa Lori ni Mzigo wa Nani?

Jina la Kariakoo latokana na vita. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, walikiweka hapo kikosi cha wapagazi wao, na wenyeji wakalitamka jina la kikosi hicho kwa ulimi wao. Wapagazi wengi sana walikufa katika vita ile kwa maradhi na kuchoka. Mzigo ulikuwa wa serikali, lakini gharama yake waliilipa wao kwa miili yao.

Siku hizi mizigo ya Kariakoo huletwa na malori. Kwetu ni Mnazi Mmoja, na kila nirudipo likizo huyasikia usiku yakishusha mizigo, injini zikinguruma bila kuzimwa. Faida ya safari humwendea mwenye gari. Moshi huwaendea makuli, mama ntilie na watoto waliolala madirisha wazi kwa sababu ya joto.

Sisemi malori yafukuzwe. Baba yangu ni fundi wa magari huko Gerezani. Sare, madaftari na nauli yangu hutoka katika injini hizo hizo. Injini ya dizeli haihitaji plagi. Huibana hewa mpaka ikawa moto sana, kisha mafuta yakipulizwa ndani huwaka yenyewe. Ndiyo maana ina nguvu, nayo hula mafuta kidogo kuliko ya petroli. Lakini yasipoungua sawasawa hutoka masizi membamba yafikayo ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kuwa moshi wa dizeli huleta saratani.

Dawa ipo. Malori ya kisasa yana chujio katika bomba la moshi, ambalo huyashika masizi na kuyaunguza. Chujio hilo halipatani na mafuta yenye salfa nyingi. Kwa hiyo ilikuwa hatua kubwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipoweka kanuni kwamba, tangu mwaka 2015, salfa katika dizeli isizidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni moja. Lakini mafuta mazuri hayafai kitu ikiwa chujio limetupwa.

Mwaka jana tajiri mmoja alimletea baba lori ambalo chujio lake limeziba. Alitaka likatwe, bomba liungwe, gari lirudi barabarani jioni ile. Baba akamwambia, "Bwana, chujio likiziba husafishwa. Tena tuzitazame nozeli kwanza, huenda ndizo zinazoliziba." Ilikuwa kazi ya siku tatu. Tajiri akasema lori lililolala halimpatii kitu, akalipeleka kwa fundi mwingine, na magari yake mengine manne yakalifuata. Mwezi ule tulikula kwa hesabu. Mama akamwuliza baba kama msimamo wake utanunua unga. Baba akajibu, "Mama Asha, lori lile hushusha mzigo chini ya dirisha letu."

Nimelifikiri sana jibu hilo. Makampuni na matajiri wengi hutoa madawati kwa shule, wakapigwa picha, nasi hushukuru. Siyakatai madawati, huenda hili ninaloandikia ni moja katika hayo. Lakini wajibu wa mfanyabiashara kwa jamii hauanzii katika zawadi. Huanzia katika kazi yake yenyewe, asichukue katika mapafu ya watu kile atakachokuja kuwarudishia kwa mbao.

Wenzangu, baadhi yetu tutakuwa mafundi, wengine madereva, na wengine wenye malori. Hakuna mwenye lori anayenunua matairi akadhani ametoa sadaka. Ni gharama ya safari. Na chujio lihesabiwe vivyo hivyo.