Mtoto Ana Afya

Kwetu, mtu akitaka kukuambia kijana wako ni mnene bila kukuvunjia heshima, anasema, "Huyu ana afya." Mpwa wangu alikuwa na afya tangu akiwa na miaka mitatu. Majirani walimfinya mashavu, shosho akamsifu dada yangu kwa kulea vizuri. Alipofika miaka minane, watoto wa ploti walikuwa washampa jina lingine. Walimwita Bonge, na akaacha kushuka chini kucheza.

Tunaishi Pipeline, orofa ya sita. Magorofa yamebanana mpaka mchana unawasha stima, na uwanja ni ile barabara ambayo bodaboda pia zinaitaka. Dada anatoka asubuhi na kurudi usiku, kwa hivyo kijana akitoka shule alikuwa anajifungia ndani na TV. Na mimi anko wake, nikilipwa kazi ya kuandika, nilijua njia moja tu ya kumwambia nampenda: chips za mia, smokie mbili na soda.

Mwaka jana mhudumu wa afya ya jamii, mama tunayemjua kwa sababu anauza mboga hapo chini, alipita mlango kwa mlango akialika wazazi kwa kikao cha Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. Dada alikasirika. "Kwani anataka kusema sijui kulea?" Akanituma mimi niende, nimletee umbea.

Nilidhani tutahubiriwa. Badala yake mhudumu alianza na swali: nani hapa aliwahi kulala njaa akiwa mtoto? Karibu mikono yote ilipanda, wangu pia. "Ndio maana kumnyima mtoto kunatushinda," akasema. Hakuna aliyecheka.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipata kwamba asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, na asilimia 3 wamezidisha uzito. Kwa hivyo macho yetu yamezoea kumtafuta mtoto aliyekonda. Tena chati ya ukuaji kwenye kile kitabu cha kliniki inaishia miaka 5. Baada ya hapo, wengi wetu haturudi mpaka mtoto augue.

Hakuna mtoto aliyepandishwa kwa mizani mbele ya watu. Tuliambiwa mtoto anayekua haachishwi kula. Mara nyingi inatosha uzito utulie huku urefu ukiufikia. Kwamba anahitaji angalau dakika 60 za kukimbiakimbia kila siku. Kwamba nyumba nzima ibadilike, sio yeye peke yake, maana soda ikishaingia ndani itanyweka tu.

Mama mmoja akainua mkono. "Mboga nitanunua. Lakini acheze wapi?"

Hapo ndipo tulianza kuongea kwa ukweli. Tulibishana karibu saa nzima, halafu tukakubaliana: kanisa lifungue kiwanja chake saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na wazazi washike zamu. Mimi nikapewa Jumanne na Alhamisi. "Si wewe huwa tu kwa nyumba?" Singeweza kukataa.

Usiku nilimpa dada ripoti. Nilipofika kwa lile swali la njaa, akanyamaza. Tulipokuwa wadogo, yeye ndiye alikuwa ananisukumia ugali wake akisema ameshiba. Nilimwamini miaka mingi. Jumamosi iliyofuata alienda kikaoni mwenyewe, na hajawahi kunieleza alichosema huko.

Wiki ya kwanza mpwa wangu alikaa kwa ngazi za kanisa akiangalia wenzake. Ya pili, timu ya kati ilipungukiwa na mtu mmoja, wakamwita. Walimwita Bonge, lakini akaenda. Mhudumu alisikia, na siku hiyo watoto wote walifunzwa jina lake.

Uzito wake anaujua mamake, na hatuutangazi. Mimi nitasema hili tu. Juzi nililipwa, miguu ikanipeleka kwa chips kabla sijafikiria. Nilipofungua mlango nilimkuta amevaa viatu, amekasirika.

"Anko, leo ni Alhamisi. Umechelewa."

Tukashuka ngazi zote sita, chips zikabaki mezani. Nilizila usiku, zimepoa.